Watoto wa Bi Nguchiro Hawagawiki

Jamani, moto umeshika?

— Umeshika!

Masikio yamekaa sawa?

— Yamekaa!

Na aliyeshiba, asisinzie!

— Hasinzii mtu!

Basi ngano naileta.

— Ilete, tuipokee kwa mikono miwili!

Hapo kale, kale hasa, wanyama wote walipokuwa wakisemezana bila mkalimani, palikuwa na mama mmoja jina lake Bi Nguchiro. Nguchiro mnamjua ninyi. Mwili mwembamba, mkia mrefu, pua haitulii, na moyo mkubwa kuliko yeye mwenyewe. Huyo ndiye anayemkabili nyoka uso kwa uso wakati wakubwa wanatafuta njia ya kuzunguka. Msimcheke kwa udogo wake, mimi sitaki.

Bi Nguchiro alikuwa na watoto watatu. Wa kwanza Chausiku, binti wa akili nyingi na maneno machache. Wa pili Kombo, ambaye tumbo lake lilitangulia kila jambo. Wa mwisho Tabu, kitoto bado, macho ndiyo kwanza yamefunguka. Baba yao alichukuliwa na Tai kabla Tabu hajazaliwa. Mama alilia kilio chake akakimaliza, kisha akaendelea kulea.

Walikuwa na nyumba nzuri ukingoni mwa mto. Mwaka mmoja mto ukachoka na njia yake ya zamani. Ukahama. Ukapita sebuleni kwa Bi Nguchiro, ukaondoka na sebule, ukaondoka na vyumba, ukaondoka na mlango. Kulipopambazuka Bi Nguchiro alikuwa amesimama kilimani, mtoto mmoja mdomoni na wawili wameshikilia mkia, anatazama maji yakipita pale alipokuwa akilala. Akamweka Tabu chini, akavuta pumzi, akasema, "Haya. Twendeni."

Wakaenda kwa Bwana Nungunungu. Bwana Nungunungu ni mtu mwema, hana neno, akawapa kona. Ila akiota hujigeuza, na akijigeuza, nyumba nzima inaamka ikipiga kelele. Asubuhi Bi Nguchiro akawachomoa watoto miiba, akashukuru, wakaondoka.

Wakaenda kwa Bwana Ngiri. Huyu naye ana desturi ya ukoo wake. Haingii nyumbani kwa kichwa. Huingia kinyumenyume, makalio kwanza, ili pembe zibaki mlangoni zikimsubiri adui. Jioni akarudi kutoka malishoni, akajisukuma ndani kinyumenyume kama alivyofundishwa na babu yake, akamkalia Kombo. Wakamvuta Kombo, akatoka bapa. Bi Nguchiro akashukuru, wakaondoka.

Wakaenda kwa Bi Kanga, ambaye hulala mtini. Bi Kanga akawaonyesha tawi, akawaambia, "Shikeni tu, mtazoea." Tabu akaanguka mara ya kwanza, akalia. Akaanguka mara ya pili, akalia. Akaanguka mara ya tatu, hakulia tena. Alinyanyuka, akajikung'uta vumbi, akaanza kupanda. Hapo ndipo moyo wa Bi Nguchiro ulipouma kuliko siku ile ya mto. Mtoto wake alikuwa amezoea kuanguka.

Habari zikafika barazani. Mwenyekiti wa baraza la nyika alikuwa Mzee Kobe, na hakuchaguliwa kwa busara, naomba mnielewe. Alichaguliwa kwa sababu ndiye pekee asiyekuwa na haraka ya kurudi nyumbani. Nyumba iko mgongoni!

Mzee Kobe akatoa shingo, akasema, "Bi Nguchiro, mbona ulipotoka hukubeba nyumba yako? Mimi ya kwangu sijawahi kuisahau."

Watu wakacheka. Bi Nguchiro hakucheka.

Mzee Kobe akaendelea, "Masika yako mlangoni. Kitoto kikinyeshewa hakifiki asubuhi. Kwa hiyo baraza limeamua. Siku tone la kwanza la masika litakapoanguka, kama huna nyumba iliyosimama, watoto tutawagawa. Chausiku ataenda kwa Kanga. Kombo ataenda kwa Ngiri. Tabu ataenda kwa Nungunungu. Hatukufanyii ubaya, mama. Tunakusaidia."

Na kweli walidhani wanamsaidia. Bi Kanga alikuwa na machozi. Bwana Ngiri alikuwa ameshaanza kuwaza atamlisha nini Kombo. Hiyo ndiyo iliyokuwa ngumu, kwamba hakuna hata mmoja aliyekuwa mbaya.

Bi Nguchiro akasimama kwa miguu miwili. Kimo chake chote hakikuzidi goti la swala, lakini siku ile baraza zima lilimtazama kwa kuinua macho.

"Nimewasikia," akasema. "Mna huruma, nawashukuru. Mmenilaza, nawashukuru. Lakini maembe ndiyo yanayogawanywa mafungu. Wanangu hawagawiki."

Akageuka, akawachukua watoto wake, akaenda zake huku akiimba. Na ninyi mtaniitikia:

*Mvua, mvua, ngoja kidogo,*
*mlango bado, ukuta bado.*
*Wanangu watatu, fungu ni moja,*
*hawagawiki!*

— Hawagawiki!

Majirani wakaona haya. Wakakutana pembeni, Ngiri, Nungunungu na Kanga, wakasema, "Tumjengee nyumba. Tusimwambie, tumshtukize!" Wakatafuta shimo la zamani lililoachwa porini, wakalisafisha. Ngiri akalipanua kwa kipimo cha makalio yake. Nungunungu akalizamisha chini kabisa, maana yeye hupenda giza. Kanga akatandika manyoya. Wakamwita Bi Nguchiro, wakamsukuma mbele wakipiga vigelegele. "Yako hiyo! Ingia!"

Bi Nguchiro akatazama. Nyumba ilikuwa pana, ilikuwa safi, ilikuwa na mlango mmoja.

Alitaka kusema neno. Lakini utamwambiaje mtu aliyejichosha kwa ajili yako, tena vigelegele bado vinalia? Akalimeza lile neno. "Ahsanteni sana," akasema. "Mungu awalipe." Akaingia na wanawe.

Wakakaa vizuri siku kadhaa. Kombo akaanza kunenepa. Kisha asubuhi moja, jua ndiyo kwanza linachomoza, mwanga mlangoni ukazibwa. Bi Nguchiro akanusa. Swila.

"Nyumba nzuri," Swila akasema, amejikunja kizingitini. "Ina mlango mmoja tu, nami nimeukalia."

Nje, uwanjani, Bi Nguchiro asingemwogopa Swila. Uwanjani nguchiro anaruka kulia, anaruka kushoto, anamchosha nyoka mpaka nyoka mwenyewe anatamani yaishe. Lakini ndani ya shimo, watoto wako nyuma yako na mate ya sumu yako mbele yako, utaruka kwenda wapi? Akawaambia watoto wafumbe macho na wamlalie Tabu. Akaenda mbele kwa tumbo. Swila akatema, akakosa jicho, akapata sikio. Bi Nguchiro akamkamata shingo, na wote wawili wakatoka nje wakiviringika. Mwishowe mmoja tu ndiye aliyesimama, sikio limeungua.

Siku ileile akawatoa wanawe katika nyumba ile.

Oo, maneno! Nyika nzima ilisema. "Kapewa nyumba, kaikataa!" "Hana pa kulala na bado anachagua!" Bi Kanga, ambaye manyoya yale yalikuwa ya kifua chake mwenyewe, aliumia kweli, akalia. Bi Nguchiro akasikia yote. Akakaa chini ya kichaka cha mkwaju mchanga pamoja na wanawe, juu yao mawingu yanaanza kukusanyika. Tangu mto ulipohama, hapo ndipo alipojiuliza kwa mara ya kwanza kama kweli ataweza.

Jua lilipoelekea kuzama, mtu mmoja akaja taratibu, masikio marefu, pua ndefu, mgongo umeinama kwa aibu. Alikuwa Bwana Muhanga. Bwana Muhanga ni fundi wa kuchimba, hana mpinzani. Lakini ana ila yake. Hajawahi kumaliza shimo tangu azaliwe. Anachimba akitafuta mchwa, anawala, anaondoka. Nyika nzima imejaa mashimo yake ya nusu, na nusu ya watu wanaishi humo.

"Shikamoo, mama," akasema.

"Marahaba, baba."

"Lile shimo alilolivamia Swila, nililichimba mimi zamani nikaliacha. Nimesikia watu wanasema. Nimekuja kukuuliza jambo moja."

"Uliza."

"Wewe unataka nyumba ya namna gani?"

Walikuwa wamempa kona, wamempa tawi, wamempa shimo. Hili swali hakuna aliyewahi kumpa. Bi Nguchiro akainamisha uso, akalia kidogo, kisha akafuta machozi kwa mkia.

"Nataka nyumba ya kichuguu," akasema. "Udongo mgumu, juu paa lisilovuja. Nataka mlango wa macheo, mlango wa machweo, na mlango mwingine ambao sitautaja popote, maana swila nao wana masikio yao. Nataka chumba kimoja tu cha kulala, wote tulaliane. Na sitaki kujengewa. Nataka kujenga, na mwenye kucha anisaidie."

"Kucha ninazo," akasema Muhanga.

Kulikuwa na kichuguu kikubwa upande wa pili wa mbuga. Upande wa kusini kilikuwa kimekufa, kikavu, hakina mwenyewe. Upande wa kaskazini kilikuwa hai, na ndani yake alikaa Malkia wa Mchwa pamoja na jamii yake isiyohesabika. Watu wengine wangenyemelea huo upande uliokufa na kujiingilia tu. Bi Nguchiro alikataa. Alikwenda akasimama mbele ya kichuguu, akajitaja jina na jina la baba yake.

Malkia hatoki chumbani. Sauti yake ilikuja ikipokezanwa mdomo kwa mdomo, kutoka mchwa mmoja hadi mwingine, mpaka nje.

"Umekuja kuomba pa kulala?"

"Hapana, Bi Mkubwa. Pa kulala nimelala pengi. Nimekuja kuomba pa kujenga, huo upande msioutumia."

"Nyinyi nguchiro mnakula mchwa."

Kombo akameza mate, wote wakasikia.

"Tunakula," akasema Bi Nguchiro. "Sitakudanganya. Lakini wa huko porini. Tukikaa mlango kwa mlango nawe, mtu wako hatumgusi, na siafu wakija kukuvamia watatukuta sisi kwanza."

Kisha sauti ikaja, "Na fundi wako nani?"

Bi Nguchiro akajua kwamba hapa ndipo penyewe. "Muhanga," akasema.

Hee! Kichuguu kizima kilitetemeka. Askari wa mchwa wakajaa mlangoni, vichwa vikubwa, mataya wazi. Ni kama umemwambia kuku kwamba seremala wa banda lake ni kicheche. Wakapiga kelele, "Muhanga! Muhanga! Muhanga!"

"Atafungwa ulimi," akasema Bi Nguchiro.

Kelele zikakoma.

"Muhanga anakula kwa ulimi. Kucha zake hazina njaa. Nitaufunga ulimi kwa ukindu asubuhi, na nitaufungua jioni akiwa mbali na hapa. Mimi mwenyewe ndiye nitakayefunga, na wanangu watatu watakuwa mikononi mwa askari wako kila fundo linapofungwa. Likifunguka, mko nao."

Ni mama gani atakayesema neno kama hilo asipokuwa na hakika na mikono yake? Malkia naye ni mama. Sauti ikaja, polepole safari hii, "Chimbeni. Lakini mkiona udongo wenye unyevu, hapo ni kwangu. Msiuguse."

Kazi ikaanza. Bwana Muhanga akatoa ulimi, na mnaujua ulimi wa muhanga, ni kipande cha kamba kweli kweli. Bi Nguchiro akaukunja, akaufunga kwa ukindu mbichi. Muhanga akachimba, udongo ukaruka juu ukitia giza. Chausiku, askari wa mchwa wakimzunguka, akavuta udongo nje. Kombo, naye kati ya askari, akasawazisha. Tabu, ambaye hakuwa na nguvu ya kitu, alipewa kazi ya kukaa juu ya kichuguu na kutazama mawingu, na aliifanya kama mfalme.

Mlango wa macheo ukaisha. Mlango wa machweo ukafika nusu. Asubuhi iliyofuata Bi Nguchiro akangoja na ukindu mkononi, fundi haonekani. Akangoja, haonekani. Akafuata nyayo, akamkuta mbali porini anachimba shimo jipya, ameshafika nusu na lenyewe.

"Bwana Muhanga! Mbona huku?"

Muhanga akashangaa kweli. "Kwani kule hatujachimba?"

"Tumechimba. Hatujamaliza."

"Kumaliza," akasema Muhanga. Alilitamka neno lile kama mtu anayeonja chakula cha ugenini. "Mama, mimi kwetu hatumalizi. Baba yangu hakumaliza. Babu hakumaliza."

"Basi utakuwa wa kwanza," akasema Bi Nguchiro. "Twende."

Akamwongoza kurudi, na njiani akaimba. Haya, niitikieni:

*Mvua, mvua, ngoja kidogo,*
*mlango nusu, ukuta nusu.*
*Fundi tunaye, kazi ni moja,*
*haiachiki!*

— Haiachiki!

Mlango wa machweo ukaisha. Ule mlango nisioutaja nao ukaisha. Kikabaki chumba. Mawingu sasa yalikuwa meusi, na Tabu huko juu akapiga kelele, "Mama, linakuja kubwa! Mama, linakuja jeusi!"

Muhanga akasikia, akataka kuwahi. Akatupa kucha kwa nguvu, moja, mbili, tatu, na kwa ile ya tatu ukuta wa chumba ukabomoka. Udongo wenye unyevu. Tundu kubwa la kutosha kichwa.

Na kwenye lile tundu wakatoka mchwa.

Walitoka kwa mamia, wanene, weupe, wanang'aa, chini kabisa ya pua ya Bwana Muhanga. Maskini fundi. Alikuwa hajala tangu jua lilipotoka. Mate yalimtiririka mpaka magotini. Na ule ukindu, kwa kulowa mate, ukalegea. Fundo likateleza. Ulimi ukafunguka.

Ndani, watoto watatu walikuwa... hapana, wawili walikuwa kati ya askari wenye mataya. Wa tatu alikuwa juu akitazama mawingu, na askari walikuwa wameshamzingira huko huko. Bi Nguchiro alikuwa mlangoni, mbali, asingewahi. Alichoweza kufanya ni kumtazama Muhanga machoni.

Ulimi ukanyooka mpaka karibu na mchwa wa mbele. Ukasimama hapo. Kisha Bwana Muhanga, kwa kucha zake mwenyewe, akaushika ulimi wake mwenyewe, akaurudisha mdomoni, akafunga taya, akakaa chini, akafumba macho. Machozi yakamtoka kwa njaa. Lakini hakuondoka, na hakula.

Kombo akaona. Kombo, nasema, mwenye tumbo lile! Mchwa mmoja alikuwa anampitia juu ya mguu. Akafumba macho naye.

Sauti ya Malkia ikaja ikipokezanwa, haraka, "Tundu! Zibeni tundu!"

Sasa sikilizeni. Mchwa akitobolewa ukuta hangoji kesho. Anatema mate, anachanganya na udongo, anaziba, na udongo wake ukikauka, jembe linarudi nyuma. Lakini mchwa anahitaji maji, na kiangazi kilikuwa kimekausha kila kitu. Chausiku, yule wa maneno machache, akasema manne tu: "Mama, magamba ya konokono." Wakaokota magamba matupu, wakateremka mtoni, mto uleule uliowafukuza, wakapandisha maji. Bi Nguchiro akapandisha, Chausiku akapandisha, Kombo akapandisha, Muhanga akapandisha kwa masikio yake. Mchwa wakaziba tundu. Walipomaliza tundu hawakusimama. Wakaendelea na ukuta wa chumba, wakaendelea na dari, wakaendelea na kuta za milango, kote kukawa laini na kugumu, hakuna pa kupitisha tone.

"Hiyo dari sikukuomba, Bi Mkubwa," akasema Bi Nguchiro.

"Hukuniomba," ikaja sauti. "Ni ya yule aliyeshika ulimi wake, na ya mtoto aliyefumba macho."

Bwana Muhanga akatoka nje, akaizunguka nyumba. Akatazama mlango wa kwanza mpaka mwisho wake. Akatazama wa pili mpaka mwisho wake. Akaingia kwa huu, akatokea kwa ule, akarudia, akarudia tena. "Nimemaliza," akasema. Akawaambia ndege. Akawaambia mawe. "Nimemaliza!" Fundi alitembea siku ile kichwa juu, masikio yamesimama wima, na mpaka alipotokomea porini kutafuta chakula bado tulikuwa tunamsikia akisema.

Bi Nguchiro akasimama juu ya kichuguu chake. Akatazama mawingu yale aliyokuwa akiyabembeleza, akayaimbia kwa sauti ya juu. Niitikieni kwa nguvu hii:

*Mvua, mvua, njoo sasa,*
*mlango tayari, ukuta tayari.*
*Wanangu watatu, chumba ni kimoja,*
*hawagawiki!*

— Hawagawiki!

Tone la kwanza likaanguka.

Mzee Kobe alikuwa ameondoka kwake mapema, anavyojijua mwenyewe. Akafika pamoja na Ngiri, Nungunungu na Kanga, kila mmoja amekuja kuchukua mtoto wake wa kugawiwa. Bi Kanga alikuwa amebeba manyoya mapya. Mzee Kobe akasimama mbele ya kichuguu, akapayuka, "Bi Nguchiro! Toka nje!"

Bwana Ngiri akamgusa. "Mzee, huo ni mlango wa mtu. Hupayuki. Unapiga hodi."

"Hodi ndiyo nini?" akauliza Mzee Kobe. Maskini, atajuaje? Nyumba anatembea nayo, hajawahi kusimama mlangoni kwa mtu maisha yake yote.

"Unasema hodi, halafu unangoja."

"Nangoja nini?"

"Unangoja mwenyewe aseme."

Mvua ikaanza kukolea. Mzee Kobe akasafisha koo. "Hodi!"

Ndani, Bi Nguchiro alikuwa ameketi na wanawe watatu wamelaliana. Akalisikia lile neno. Tangu mto ulipohama alilisema yeye kwenye milango ya wengine mpaka mdomo ukachoka, na hakuna aliyekuwa amemwambia yeye. Watoto wakamtazama. Akawaashiria: ngojeni.

"Hodi wenyewe!" Sasa maji yalikuwa yanamtiririka Mzee Kobe shingoni. Manyoya ya Bi Kanga yalikuwa yameloa yote.

"Mama," akanong'ona Chausiku, "wanalowa."

"Najua," akasema mama yake. "Acha niisikie vizuri."

Nje wakashauriana. Maana hodi ya tatu isipojibiwa, mgeni anageuka anaondoka, ndiyo heshima. Mzee Kobe akatoa shingo yote, akasema kwa adabu ambayo baraza halijawahi kuisikia kwake, "Hodi, hodi, nyumbani kwa Bi Nguchiro!"

Ndipo Bi Nguchiro alipoinuka. Akaenda mpaka mlangoni, akasimama kwa miguu miwili, nyuma yake kukavu, watoto watatu wanachungulia. Akawatazama mmoja mmoja, wote wanne, walivyolowa.

"Karibuni," akasema. "Lakini futeni miguu kwanza. Hapa ni nyumbani kwa watu."

Wakafuta. Nungunungu akafuta, Kanga akafuta. Ngiri akafuta, akageuka aingie kwa makalio, Kombo akamwambia, "Kwetu tunaingia kwa uso." Akageuka tena. Na Mzee Kobe, ambaye miguu ni minne na mwendo mnaujua, alipomaliza mguu wa mwisho mvua ilikuwa imeshakatika. Habari ya mafungu hakuna aliyeitaja, si siku ile wala siku nyingine.

Basi, wenzangu, mafunzo ni haya. Ukimwona mtu hana nyumba, usimkatie kipande cha maisha yako ukamwambia akae humo ashukuru. Muulize yake anaitaka vipi. Kisha shikeni kazi pamoja naye, na msiiache katikati.

Ngano yangu inakomea hapo. Iliyowafurahisha iwekeni kwenu, iliyowachosha nirudishieni nitaipeleka kijiji cha pili. Mimi siku ile nilipita pale nikaomba nilale, Bi Nguchiro akanitazama miguu, akaniambia, "Wewe hata ukifuta, tope halitoki." Ndiyo maana mnaniona niko kwenu usiku huu. Haya, nani ana mkeka?